Kipande Kisichoitika

Karakana, 4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na ugomvi wako na simu umepoa pia. Watu wa rika lako wote wanapiga simu, wanatuma mpaka picha za kuku wao. Wewe ya kwako umeifungia kabatini, eti haina adabu, inaingia nyumbani kwa watu bila hodi. Haya, wewe ndiye baba. Mimi nitaendelea kuandika kwa mkono mpaka vidole vipinde.

Kazi imetuelemea. Paneli zimeegemezwa ukutani mpaka zimeziba dirisha, milango na sakafu za zile ndege ndogo zinazobeba wagonjwa, na mpimaji nimebaki peke yangu tangu mwenzangu amfuate mumewe. Mashine moja ya mawimbi ya sauti, zile zinazopima ndani ya paneli, iko kwa fundi. Hii iliyobaki ni ya kubembelezwa. Napaka rojo, napitisha kichwa cha mashine, nakodolea kioo, nafuta rojo, nahamia hatua moja, napaka tena. Jioni nikifumba macho bado naiona ile mistari ikirukaruka. Likizo yangu imeahirishwa tena. Nimechoka, Baba, na sisemi hivyo ili unionee huruma, nasema kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Sasa nikupe la maana. Jana Mkuu alisimama mlangoni akalitazama rundo, akasema enzi za Mzee Sikio lingekwisha kabla ya chai. Nikamtania, nikamwambia mbona yupo, anakula na kulala tu huko nyumbani. Hakucheka. Anataka urudi. Wewe utagonga kwanza kwa kinyundo chako, zile zinazoitika vizuri zipite, zenye mashaka tu ndizo zije kwangu kwenye mashine. Sharti lake ni kwamba ujaribiwe kama mgeni yeyote. Utatumiwa vipande viwili, uvigonge, useme.

Msalimie Mama mdogo.

Mwanao


Nyumbani, 11 Februari

Mama,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimekaa kibarazani natazama ukuta wa jirani, kazi niliyoajiriwa nayo tangu nistaafu. Ukuta huo naujua sasa kuliko yeye aliyeujenga.

Mwambie Mkuu nakubali, na asiniulize mara mbili. Nijaribiwe? Mimi niliyempa yeye kinyundo chake cha kwanza? Lakini sikasiriki, sharti ni sharti. Unakumbuka nilivyokufundisha, ulipokuja karakanani na sare mpya inayokupwaya? Ngozi mbili nyembamba, katikati masega kama ya nyuki, vyote vimeshikwa na gundi. Gundi ikishika, ukigonga panaitika kwa sauti kavu, safi. Gundi ikiachia ndani, juu huoni kitu, hata rangi haijachubuka, lakini ukigonga pale sauti inazama, kama mtu aliyeitwa jina lake akanyamaza. Ulielewa upesi kuliko vidume wote wa darasa lenu, na nilijivuna wiki nzima.

Hapa nyumbani sina la kusema. Mama yako mdogo naye siku hizi amegeuka mtu wa kunong'ona. Anaongea chini chini kama anayeficha jambo, nikimuuliza umesema nini anavuta mdomo. Nimeacha kuuliza. Mwanamume akikaa sana nyumbani huchosha watu, nalijua hilo, na mimi mwenyewe nimejichosha. Nirudisheni kazini nikiwa bado natambua kushoto na kulia.

Vitume hivyo vipande. Kinyundo nimekwisha kukipaka mafuta.

Baba yako,
Sikio


Karakana, 19 Februari

Baba,

Vipande hivi hapa, nimemkabidhi dereva wa basi na kumsihi asiviwekee mizigo juu. Mkuu amevichagua mwenyewe rafuni na kufuta alama zote, ila kimoja kona yake imemeguka, kilianguka zamani. Mimi siruhusiwi kusema chochote, na sisemi. Ukisikia panazama, zungushia chaki, uniandikie ni wapi. Usivirudishe, vitavunjika njiani. Jibu lako linatosha.

Kitanda chako nimekwisha kukitandika kwenye chumba cha nyuma. Mkuu ameandika jina lako kwa penseli kwenye ratiba ya mwezi wa nne, na mimi nimeandika likizo yangu chini yake, kwa penseli vilevile. Ukirudi wewe, na mimi napumua.

Mwanao


Nyumbani, 27 Februari

Mwanangu,

Usishangae kuniona naandika, na barua hii usimtajie baba yako. Nimempa mshonaji wa jirani aitume, na ukinijibu mtumie yeye. Simu unajua iko wapi, na ufunguo wa kabati analala nao.

Mchukueni. Nasema kweli kabisa, mchukueni afanye kazi, labda ataniona binadamu akirudi. Baba yako amenisusa. Namwita haitiki. Namwuliza chai ya maziwa au ya rangi, kimya. Nikikaa mbele yake uso kwa uso tunaongea vizuri tu, anacheka, ananitania unene wangu. Nikigeukia jiko tu, basi, ni kama nimetoka nchini. Nimejiuliza nimekosa nini. Nimefikiri labda anamkumbuka marehemu mama yako na mimi ndiye ninayemharibia kumbukumbu. Mimi sikuja nyumba hii kushindana na marehemu, wewe unanijua. Na mimi nimeanza kumjibu kwa mkato. Usiku tunalala kama wapangaji wawili.

Juzi alikaa na vile vibao vyako mezani, anagonga tok tok tok mpaka kichwa kikaniuma. Mimi niko jikoni namenya vitunguu. Kile cha kwanza kililia sawa. Kile cha pili, katikati, kikalia vibaya kabisa, tup, kama kugonga kiroba cha unga. Nikamwambia kwa sauti, baba, hicho mbona kimebadilika? Hata shingo hakugeuza. Nikarudia. Akaendelea kugonga. Nikajua basi, sina thamani hata ya kuambiwa ninyamaze.

Kaka yangu anasema nyumba yake ina nafasi. Sijafunga mzigo bado.

Mama yako mdogo


Nyumbani, 28 Februari

Mama,

Kazi imekwisha. Nimevigonga juu na chini, kwenye kona na katikati, mpaka majirani wanadhani natengeneza kabati. Vizima vyote viwili. Chaki haikupata kazi. Mwambie Mkuu huo ni mtego wa kitoto, anampa mtu vipande vizima ili aone kama atabuni ubovu kwa woga. Mimi nilikuwa nawatega wanafunzi hivyo hivyo.

Nimemwomba mshonaji apunguze suruali zangu za kazi, kiuno kimekonda kidogo. Tarehe mosi Aprili nitakuwa mlangoni kwenu kabla ya mlinzi.

Baba yako,
Sikio


Karakana, 8 Machi

Mama mdogo,

Barua yako na ya baba zimefika kwa basi moja. Nilisoma ya baba kwanza, nikafikiri Mkuu amekosea kuchagua, kwa sababu kimoja kati ya vipande vile ni kibovu kwa makusudi. Ni cha mtihani. Wakati wa kukigandisha waliweka plastiki katikati, gundi isishike, ukubwa wa kiganja. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anausikia ubovu huo. Nikaenda kwenye rafu, nikakagua vyote vilivyobaki, nikijidanganya kwamba nimefungasha visivyo. Halafu nikasoma yako.

Naomba unitazamie jambo moja. Kile kilicholia vibaya ukiwa jikoni, je, ndicho chenye kona iliyomeguka?

Na jingine, ambalo sijui hata nilisemeje. Akiwa amekupa mgongo, dondosha kitu. Kitu cha kelele. Usimwite jina, usimguse. Uone tu.

Mama mdogo, nadhani hajakususa. Nadhani hakusikii. Nikikumbuka sasa, ile simu kufungiwa kabatini, mimi kulazimika kuandika barua na kucheka na wenzangu kwamba baba yangu ni mtu wa kale, naona aibu. Kazi yangu ni kutafuta kilichoachia ndani wakati juu panang'aa, na haya yote yalikuwa mbele ya macho yangu.

Usiende kwa kaka yako kwanza, nakusihi.

Mwanao


Nyumbani, 14 Machi

Mwanangu,

Ndicho. Kona imemeguka, ndicho hicho hicho.

Nilichukua sinia la bati na mfuniko wa sufuria kubwa. Yeye alikuwa anasoma gazeti, mgongo kwangu. Niliviachia vyote viwili sakafuni. Mtoto wa jirani alianza kulia kule kwao. Baba yako akafungua ukurasa mwingine.

Nilikwenda uani nikalia mpaka nikachoka. Mwaka mzima nimemnunia mtu ambaye hakuwa na habari. Nimemsema maneno mgongoni kwake, mengine mabaya, nikidhani ananisikia na kunidharau. Na yeye kumbe ananiona mdomo tu ukicheza, anadhani nanong'ona.

Suruali zimepunguzwa. Anazivaa jioni na kutembea nazo uani. Nakuomba usimwambie ukweli. Mwambie nafasi imejaa, mwambie kampuni haina bajeti, sema lolote. Jina la Sikio ndilo alilobaki nalo, ukimnyang'anya hilo utakuwa umemmaliza.

Mama yako mdogo


Karakana, 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote wazima huko. Sisi huku ni wazima.

Nasikitika kukuambia kwamba Mkuu amepata mtu mwingine wa kugonga. Majibu yako yalikuwa mazuri, lakini mambo yamebadilika. Labda ni heri, upumzike, umefanya kazi ya kutosha.

Mvua imeanza kunyesha. Paa la upande wa rangi bado linavuja vilevile, na Mkuu bado anaweka ndoo ile ile chini yake na kuiita matengenezo.

Mwanao


Nyumbani, 30 Machi

Mama,

Barua yako nimeigonga mwanzo mpaka mwisho. Mwanzo inaitika. Mwisho pia, ndoo ya Mkuu naiona kabisa. Katikati, pale penye mtu mwingine, sauti inazama. Wewe tangu uanze kuandika hujawahi kunitajia mtu bila kuniambia anavaaje na ana visa gani. Leo mgongaji mpya ameingia karakanani na hukumsema hata viatu vyake?

Basi nikachukua msumeno.

Cha kwanza kilikuwa kizima, gundi imeshika mpaka meno ya msumeno yakalalamika. Kile cha kona iliyomeguka, nilipofika katikati ngozi iliinuka yenyewe. Ndani mna plastiki, ukubwa wa kiganja, na pembe zake zimekatwa mviringo. Mama, ni mimi ninayekata pembe mviringo. Wengine hawakuwahi kujisumbua. Kipande kile nilikitengeneza kwa mikono yangu, wewe ulikuwa wa kwanza kukigonga, na ulicheka kwa jinsi ulivyousikia ubovu upesi.

Nikageuka, mama yako mdogo amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikamwuliza, siku ile uliniambia kitu? Akasogea mbele yangu akasema taratibu ili nione kila neno. Alisikia akiwa anamenya vitunguu. Nikamwambia nilikuwa nadhani unanong'ona. Akasema nami nilidhani umenisusa. Tukatazamana kama wajinga. Kisha tukacheka, halafu mmoja wetu hakucheka tena, na sikwambii ni nani.

Simu sikuifungia kwa ajili ya adabu. Ikilia siisikii, na nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anatafuna makaratasi. Nilijua kidogo, sikutaka kujua zaidi. Kwa jina nililo nalo, ningemwambia nani?

Nimekukasirikia kwa kunidanganya, na hasira yenyewe haijaisha. Nilikufundisha ukikuta pameachia unazungushia chaki, hata kama paneli ni ya Mkuu mwenyewe. Hukutakiwa kuniruka mimi.

Sasa fanya hivi, na usinibembeleze. Paneli nilizopitisha mwaka wangu wa mwisho kwa kugonga tu, zirudie zote kwenye mashine. Za rafuni na zilizokwisha kufungwa kwenye ndege. Najua umechoka. Najua nakuongezea mzigo badala ya kukutua. Lakini sijui sikio langu liliniaga lini, na wagonjwa wanalala juu ya sakafu hizo. Barua hii mpelekee Mkuu aisome mwenyewe.

Baba yako


Karakana, 24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naomba radhi. Ulikuwa na haki ya kukasirika.

Mkuu aliisoma barua yako amesimama, akakaa, akaisoma tena. Hakusema neno baya. Ndege zilizohusika zilisimamishwa siku hiyo hiyo, na mashine ya pili ikarudishwa kutoka kwa fundi kwa namna ambayo miezi yote hii haikuwezekana. Tumekodi mpimaji wa muda. Ni mwanamke mrefu, anavaa raba za kijani, anaimba akipaka rojo, na anaimba vibaya. Nakuambia ili ujue yupo kweli.

Za rafuni zote nzima. Sakafu zote nzima. Mlango mmoja umekutwa umeachia, karibu na bawaba, padogo kuliko kiganja. Ulikuwa na sahihi yako ya kuupitisha. Huenda gundi iliachia baadaye kwa joto na mtikisiko, na huenda ilikuwa hivyo ulipougonga, hakuna mashine ya kutuambia. Umeondolewa. Hakuna aliyeumia. Nilitamani kukuficha hili kuliko jambo lolote maishani mwangu, na ndiyo maana nimeliandika.

Nimechoka mpaka nikikaa nasahau kusimama, lakini likizo yangu imepitishwa, na safari hii kwa wino. Nafika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Jumatatu tutakwenda wote watatu kwa daktari wa masikio, na usianze maneno.

Mwanao


Nyumbani, 29 Aprili

Mama,

Ahsante kwa mlango. Hakuna aliyenipa habari ngumu hivyo bila kuizungusha tangu mama yako afariki. Nilikaa nao kibarazani kutwa nzima, huo mlango. Nilijaribu kukumbuka siku niliyougonga na sikuweza. Jioni mama yako mdogo alivuta kiti akakaa mbele yangu, si pembeni, akanitazama mpaka nikazungumza.

Kwa daktari nitakwenda. Suruali nimeshamrudishia mshonaji azifanye za kawaida, na kinyundo nimekifunga kwenye kitambaa, uje ukichukue. Wewe bado unasikia.

Ukifika Jumamosi usipige hodi. Mama yako mdogo anaweza kuwa sokoni, na wewe utasimama nje unaita, unaita, uanze kufikiri mambo. Mlango nitauacha wazi. Ingia moja kwa moja, zunguka uje mbele yangu, unishike bega. Nitaitika.

Baba yako